Kuomba Sura

Siku ya kwanza kazini niliambiwa nifumbe macho. Nilikuwa nimevaa shati jeupe ambalo mama alilipiga pasi ya makaa asubuhi, kwa sababu nilidhani ninakwenda kufanya sanaa, na nilidhani sanaa ni kazi safi. Chef d'atelier, yaani msimamizi wa karakana yetu, alilitazama lile shati, akaitazama lami iliyokuwa ikichemka kwenye ndoo, akacheka kwa pua. Kisha akanisimamisha mbele ya mabamba mawili ya shaba yaliyofuliwa sura za watu, akaniambia nifumbe macho na niyapapase.

"Ule wa kwanza iko nani?" aliniuliza.

"Iko mwanaume."

"Na wa pili?"

"Mwanaume tena."

"Iko muntu moja ao babili?"

Sikujua. Nikabahatisha, nikasema wawili.

"Rudia kesho," akasema. "Na ile chemise uiache ku nyumba."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kufua shaba, ambayo imenilisha tangu ujana wangu mpaka mikono ilipoanza kutetemeka. Karakana ilikuwa ya wamisionari, mjini Lubumbashi, na mimi nilikuwa natoka Katuba kwa miguu kila alfajiri. Baba alikuwa mtu wa reli, Mkatoliki wa kaskazini aliyeletwa huku na kazi. Alitaka niwe fundi wa mashine. Nilipomwambia nitafua sura za watu kwenye shaba, aliniuliza kama kazi hiyo ina pensheni. Nikamwambia ndiyo, ingawa sikuwa nimeuliza.

Leo vijana wana mashine inayochora chochote juu ya bamba kabla hujamaliza kunywa chai, kwa hiyo acha nieleze tulivyofanya sisi. Unachukua bamba jembamba la shaba, unalitia motoni mpaka liwe jekundu. Moto huo ndio unaolilainisha. Likishapoa unalilaza kifudifudi juu ya lami iliyochanganywa na mchanga na mafuta kidogo, ambayo hulishika bamba bila kulibana. Halafu unapiga mgongoni, kwa tindo butu na nyundo ndogo. Uso unatokea upande wa pili, ndani ya lami, ambako huoni kitu. Ukitaka shavu, unapiga shimo. Ukitaka shimo la jicho, unaacha. Tena shaba ina kiburi chake: ukiipiga sana hukakamaa, na usipoirudisha motoni kwa wakati hupasuka, na karibu kila mara hupasukia mdomoni au puani, pale pale ambapo umejisifu.

Chef d'atelier alikuwa mtu wa Lukafu, mtoto wa wakulima, na hakuacha kusema kama mkulima hata baada ya miaka yote ile ya kunusa lami. Tulipokuwa tukishindana nani anafua pua nzuri zaidi, alitusimamia mgongoni.

"Mukulima haoteshake muhindi," alisema. "Anatengeneza udongo, njo muhindi unaota yenyewe. Na weye hautengenezake sura. Unaifungulia mulango. Kama unasimama mu mulango, itapita wapi?"

Tulicheka. Wakati huo tulidhani ni maneno ya mzee mwenye usingizi.

Kazi kubwa ya karakana ilikuwa sura za marehemu. Familia nyingi za mjini zilipenda kuweka uso wa mtu wao kwenye msalaba wa kaburi, na hapo Chef d'atelier alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeivunja akabaki na kazi. Sura ya mfu haifuliwi mpaka iombwe. Kuomba sura ni hivi: fundi anakwenda kwenye kilio, anakaa chini kwenye mkeka pamoja na ndugu, anakula wanachokula. Haulizi picha. Anauliza mtu huyo alikulaje bukari, yaani ugali wetu, alikasirikaje, alikuwa akiingiaje mlangoni. Akirudi karakanani hazungumzi na mtu mpaka awe amepiga mapigo ya kwanza. Na bamba likishakamilika, linapelekwa kwa mwanamke mkubwa wa familia ile, mama au bibi au shangazi, naye analipapasa akiwa amefumba macho. Akilitaja jina la mtu wake, kazi imekwisha. Akinyamaza, bamba linarudi motoni, hata kama sisi tumelisifu karakana nzima.

Frère Directeur, mmisionari aliyekuwa mkubwa wetu sote, hakuipenda desturi hiyo. Alikuwa mtu mwema mwenye nidhamu, na aliona inakaribia ushirikina. Siku moja nilimsikia akimuuliza Chef d'atelier kwa Kiswahili chake kizito:

"Hawa wamama wanasali kwa shaba?"

"Non, mon Frère. Habasalike kwa shaba. Banaangalia kama siye tulisali."

Frère Directeur alikunja mikono yake ndani ya kanzu akaondoka. Hakuuliza tena. Miaka mingi baadaye, alipougua na kurudishwa kwao, aliomba apewe kipande kimoja cha shaba kisichofuliwa aende nacho. Hatukuelewa anakitakia nini.

Kabla ya hapo alikuwa amenituma Pweto. Parokia moja huko ilitaka Njia ya Msalaba ya shaba ukutani mwa kanisa, na mimi nilikuwa kijana nisiye na mke, kwa hiyo nilipelekwa mimi. Nilikaa miezi kando ya ziwa Mweru, nikinuka samaki mkavu kama kila mtu, na nikajua kwamba mtu anaweza kuzoea chochote. Padri Paroko alinipa picha ndogo za kutoka Ulaya nizifuate. Nilizifuata mpaka kituo kile ambacho Yesu anakutana na mama yake. Hapo mkono ulikataa. Nilikuwa nimekaa siku nzima na mama mmoja mwanika samaki, ambaye ziwa lilimchukulia mwanawe, na nilipopiga bamba likatoka yeye: shingo imeinama, mdomo umefungwa, mikono imebaki wazi kama ya mtu aliyeangusha kitu.

Padri Paroko aliliangalia akavaa miwani, akaivua.

"Donatien, huyu si Bikira Maria. Huyu ni muuza samaki."

"Padri, hapa mwanamke akimlilia mtoto analia vile."

"Na picha niliyokupa?"

"Niliiangalia, Padri. Haikulia."

Aliniacha. Sijui kama alikubali au alichoka na mimi. Bamba lilibaki ukutani, na wanawake wa sokoni wakawa wanalishika wakipita, mpaka bega la yule mama likang'aa kuliko sehemu nyingine zote. Hapo ndipo nilipoelewa maneno ya Chef d'atelier kuhusu mlango. Kile kitu hakikutoka kwangu. Kilipita kwangu, na kazi yangu ilikuwa kusogea.

Mambo mema hayadumu. Wamisionari walifunga karakana, Chef d'atelier alifariki, na sura yake tuliifua sisi wanafunzi wake, tukiwa na hofu kuliko siku zote. Mjane wake aliipapasa, akataja jina, akatuambia twende tukale. Baada ya hapo nilichukuliwa na Patron mmoja aliyekuwa na karakana ya zawadi, mambo ya kuuza kwa wageni wanaokuja kwa ajili ya migodi. Nilifua swala, nilifua tembo, nilifua ramani ya nchi na vinyago visivyo vya kabila lolote. Nadhani nilifua swala wengi kuliko waliowahi kukanyaga Katanga. Sikuona aibu. Mtu anakula, watoto wanasoma, na swala hana mama wa kuja kumpapasa. Patron mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Mke wangu alipofariki alikaa nami kwenye kilio mpaka mwisho, na hilo sitalisahau.

Kisha shimo likaanguka.

Ilikuwa msimu wa mvua, katika eneo la kampuni moja ya madini ambayo sitaitaja. Vijana wachimbaji walikuwa wameingia chini kutafuta mawe, kwa mikono na nyundo kama kawaida yao, na ardhi ikawafunika. Kampuni ilisema kufukua ni hatari, udongo bado unatembea. Wakaleta matrekta makubwa, wakalifunga shimo kabisa. Hakuna mwili hata mmoja uliotoka. Baada ya miezi kupita na manung'uniko kuzidi, kampuni ikaamua kuweka ukumbusho mahali pale: bamba kubwa la shaba lenye nyuso za marehemu. Kazi ikaletwa kwa Patron, na Patron akaniita, kwa sababu mimi ndiye niliyebaki mjini wa kufua nyuso.

Kijana wa mawasiliano wa kampuni alikuja na mchoro. Alikuwa na adabu, alinipa kiti kabla yeye hajakaa. Kwenye mchoro vijana walikuwa wamevaa kofia ngumu za mgodini, wanatabasamu wote, wanapanda kuelekea mwanga.

"Papa Donatien," alisema Patron, "kazi njo hii. Inaokoa atelier yote."

"Muzuri. Nitaenda ku ba familia lini?"

"Kufanya nini?"

"Kuomba sura."

"Haina lazima, Papa," alisema yule kijana. "Dessin iko tayari. Ba familia bataona siku ya inauguration."

"Na hii kofia? Bale batoto balichimbaka na sandale."

Alishusha macho kwenye mchoro wake. "Papa, miye natumwa tu," akasema polepole, na nikaona kwamba ni kweli, na kwamba haimfurahishi.

Jumapili nilikwenda hata hivyo. Katika wale vijana mmoja alikuwa wa Katuba kwetu, anaitwa Kalenga, mtoto wa Mama Ngoy anayeuza maharage nyuma ya soko. Nilimkuta mama yake ameketi uani, kwenye mkeka wa kilio ambao bado ulikuwa umetandikwa, wakati ndugu wote walishatawanyika zamani. Alikuwa bado analala chini. Nywele zake hazijashughulikiwa.

"Papa Donatien, banasema miye ni mukaidi," aliniambia. "Banasema, maliza kilio, mama. Nitamaliza namna gani kilio ya muntu mwenye sikumuzika? Sikumuosha, sikumuvalisha. Hata ile photo yake ilikuwa mu telefone, na telefone iko chini na ye."

Nikakaa mkekani. Akanieleza jinsi Kalenga alivyokuwa akiuma mdomo wa chini anapofikiri, na jinsi alivyocheka upande mmoja tu, kama mtu anayeficha jino. Alieleza mpaka maharage aliyokuwa akichagua yakaisha.

Jumatatu nilimwambia Patron kwamba nitaifanya kazi ile iwapo nitaomba kila sura kwa watu wake, na kofia zitoke. Alinisikiliza akiwa ameshika kichwa. Akanikumbusha mafundi wenzangu na watoto wao. Akaniambia kampuni haiwezi kungoja, na kwamba nikikataa watapeleka kwa mwenye mashine.

"Bapeleke," nilisema.

"Papa, ni shaba tu."

"Patron, miye nilifua swala, nilifua tembo, hata siku moja sikukatala. Lakini mufu haiko swala."

"Basi, Papa," akasema. "Pumuzika sasa."

Huko ndiko kustaafu kwangu. Hakukuwa na hotuba. Nilikusanya tindo zangu kwenye gunia nikapanda basi la Katuba. Sikujiona shujaa, nilijiona mzee asiye na kazi, na nilipopita mbele ya nyumba za wenzangu niliinamisha kichwa.

Siku ya uzinduzi nilikwenda nikasimama nyuma. Wamama walikuwa wamegawiwa kitambaa cha aina moja, wamekaa mstari wa mbele. Bamba lilikuwa kubwa na linang'aa vizuri, kazi safi kabisa ya mashine, na nyuso zote zilikuwa zimetoka katika kalibu moja. Mkubwa wa kampuni alizungumza, kwaya ikaimba. Wamama wakaitwa waje kuona. Mama Ngoy alifumba macho, akaweka kiganja kwenye uso wa kwanza, akahamia wa pili, akaenda hivyo mpaka mwisho wa safu, halafu akaanza tena mwanzo. Watu wakawa wanamngoja. Mwishowe alimgeukia yule kijana wa mawasiliano.

"Wangu iko wapi?"

"Ni bote, Mama," kijana alijibu. "Ile ni ya bote."

Akarudi kwenye kiti chake. Hakulia wala hakugombana na mtu. Kwaya ilianza wimbo mwingine, na mimi nikapiga hatua mbele kwa hasira, mpaka jirani yangu akanishika mkono.

Wiki iliyofuata Mama Ngoy alikuja nyumbani kwangu, akakaa kwenye kizingiti.

"Papa Donatien, nakuya kuomba sura," alisema.

Nilikuwa na bamba moja lililobaki tangu karakana ya wamisionari. Niliyeyusha lami juu ya mbabula, jiko lile letu la makaa, uani mbele ya kuku, nikaanza. Mikono haikunitii kama zamani. Nilipiga kwa siku nyingi, na nilipomaliza nilijua nimefua kitu chenye nguvu: kijana mwenye paji la uso lililokunjamana, macho yanayoshtaki. Nilimpelekea. Alilipapasa, akanyamaza, akalipapasa tena.

"Uyu anakasirika," alisema. "Mutoto wangu hakukuwaka mwenye kukasirika."

Niliumia sana, maana alisema kweli. Ile haikuwa sura ya Kalenga, ilikuwa hasira yangu. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa mwili wangu wote. Nilikuwa nimeikataa kofia ya kampuni, nikamvika yule mtoto kofia yangu mimi, na nikaita jambo hilo ukweli. Mtu anaweza kukataa uongo wa wengine na bado asiwe msafi. Nililirudisha bamba motoni, nikaliangalia likiwa jekundu na uso ule ukilegea. Sikushika nyundo tena kwa muda. Nilikwenda kwa Mama Ngoy kila asubuhi, nikachagua naye maharage, bila kuuliza lolote. Nilipoacha kumfikiria mkubwa wa kampuni, nilianza tena.

Alipolipapasa bamba la mwisho hakufika hata kwenye macho. Kidole chake kilisimama pembeni mwa mdomo, pale unapopanda upande mmoja.

"Kalenga," alisema. Halafu, kwa sauti ya mama anayemfungulia mtoto mlango: "Ulikawia mingi."

Tulilia wote wawili, na sioni haya kulisema.

Sasa nimestaafu kweli. Vijana wa chuo cha sanaa hunijia na simu zao, wananiuliza sanaa ni nini. Ninawaambia kwamba mkono ni wa fundi lakini sura si yake, na kwamba anayetaka kuonekana katika kazi yake afue swala. Wanaandika. Kisha wananiomba niwaonyeshe kazi yangu nzuri kuliko zote, wapige picha. Ninawaambia siwezi, na wanadhani ni ubahili wa wazee.

Ukweli ni kwamba nilidhani Mama Ngoy ataitundika ile sura ya Kalenga nyumbani. Nilijua ni kazi bora ya maisha yangu, sitajifanya sikujua, na tayari nilikuwa nimewaza nani nimwite aje aione. Lakini siku ya tatu tangu alipolipapasa bamba alituma watu waniite. Nilikuta ua umejaa ndugu wote waliokuwa wametawanyika, na katikati pana jeneza dogo la mbao, fupi kama la mtoto. Walikuwa wamelitandika shati la Kalenga, na juu ya shati wamelilaza lile bamba langu. Katekista alikuwa ameshafungua kitabu cha sala.

"Sasa naweza kumuzika," Mama Ngoy aliniambia.

Nilitaka kumwambia kwamba shaba haiozi, kwamba itakaa gizani haionekani na mtu milele, kwamba nilimpa kila nilichokuwa nacho. Tulikwenda makaburini kwa miguu. Kabla kifuniko hakijawekwa niliinama, nikanyoosha mkono ili nilipapase lile bamba mara moja tu, kama fundi anavyoaga kazi yake.

"Acha, Papa," alisema Mama Ngoy, bila ukali. "Iko muntu wetu."

Nikaondoa mkono. Seremala akapigilia misumari, na sisi wanaume tukachukua majembe.